Walisema damu ya mtoto imemkataa baba yake

Wapendwa wa ukurasa huu, nimesoma visa vyenu kimya kwa muda mrefu. Leo naleta changu, na naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja hapa Bukavu. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye bado hajaanza kutembea. Ninaandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Vita ilipokaribia mji, shule zilifungwa, nikaenda kwa mama yangu Sange. Mume wangu alibaki hapa mjini, mtaa wa Kadutu, kulinda nyumba ya wazazi wake, ambamo tunaishi sote. Alikuja kuniona mara moja tu, njia ilipofunguka kidogo, nikashika mimba. Niliporudi, tumbo lilikuwa linaonekana. Mama mkwe alilitazama, akasema, "Sange kuko basoda wengi." Basoda ni askari. Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye hofu.

Mwezi uliopita mtoto alishikwa na malaria kali, akaishiwa damu. Mume wangu alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Wakampima: yeye ni A, mtoto ni O. Mimi ni B. Mtoto wa O hawezi kupewa damu yangu wala ya baba yake. Ni jambo la kila siku maabara, na mimi mwenyewe nalifundisha darasani. Mama mkwe naye alipimwa, akawa B. Aliyefaa ni jirani yetu muuza viatu, aliyekuwa ametusindikiza tu. Yeye ni O. Alitoa damu, na mtoto akafungua macho.

Nilifikiri tutarudi nyumbani kushukuru. Mama mkwe alingoja tumalize kula.

"Damu ya mutoto imekataa ya baba yake," akasema mbele ya wote. "Imekubali ya jirani. Damu inajuanaka."

"Maman, damu haifanyi kazi hivyo."

"Weye na masomo yako. Docteur mwenyewe alisema haziendane. Ao docteur naye iko mujinga?"

Wifi yangu akacheka. "Ndiyo maana jirani alikimbia vile kwenda hospitali. Papa wa kweli anajuaka."

Nikamgeukia mume wangu. Ana licence, shahada ya chuo kikuu, huandika ripoti za ofisi yake kwa Kifaransa safi. Aliangalia sahani yake. "Miye niko A, weye uko B. O imetoka wapi? Hiyo ni sayansi, chérie."

Hiyo ni sayansi. Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi ya mama yake. Nilichukua kipande cha mkaa, nikamchorea ukutani pale jikoni. Kila mtu hurithi damu kwa wazazi wawili: sehemu moja kwa baba, nyingine kwa mama. O hujificha nyuma ya A, hujificha nyuma ya B. Baba wa A na mama wa B, kila mmoja akiwa ameficha O, huzaa mtoto wa O bila dhambi yoyote. Akatazama, akasema, "Kuchora, kila mutu anaweza kuchora."

Papa mkwe peke yake alinitetea. Ni dereva mstaafu, na hujisifu kwamba yeye ni O, kwamba katika vita zilizopita alitoa damu kwa majeruhi mara nyingi. "Kama si hii sukari, ningemupa miye mwenyewe," akasema. "Mutoto iko na damu yangu. Munatafuta nini tena?"

Mama mkwe akamjibu, "Mutoto anazaliwa na baba, hazaliwe na babu."

Basi wameamua. Mwanangu hatabatizwa kwa jina la ukoo wao. Nimpeleke Sange abaki kwa mama yangu, kisha nikirudi peke yangu nitapokewa. Nimepewa hadi Jumapili. Mume wangu amesema tu, "Tufanye vile maman anataka, kusikuwe fujo."

Jana nilikuwa nafua nguo za mtoto, huku nikiendelea na mchoro ule kichwani. Nilitaka kujua mume wangu aliipata kwa nani hiyo O aliyoificha. Mama yake ni B. Baba yake ni O. Yeye ni A. Nikaacha kufua.

A haitoki hewani. Mtoto akiwa A, lazima mzazi mmoja awe nayo. Mama hana. Papa hana. Niliomba maabara iwe imekosea, lakini mume wangu alipimwa pia kabla ya ndoa, kanisa lilipotudai vipimo, na mama mkwe alipimwa alipopasuliwa. Majibu ni yale yale. Mume wangu alipewa O na mama yake, na A na mwanaume mwingine. O hiyo ndiyo aliyompa mwanangu. Kinachonisafisha mimi ndicho kinachomvua nguo mama yake.

Mume wangu alizaliwa baada ya vita ya kwanza. Wakati wa vita hiyo Papa alikuwa amekwama na lori lake Kisangani, na basoda walilala katika nyumba hii. Kila wanapoikumbuka habari hiyo, mama mkwe huinuka akaenda jikoni. Sijui yaliyompata. Ila sasa naelewa kwa nini, alipoona tumbo langu, basoda ndio waliomjia kwanza mdomoni.

Na bado nina hasira naye. Alijua uzito wa neno hilo, akamtwika mtoto wangu. Nikisema, mwanangu anapata jina lake, na mzee aliyenitetea anapoteza mwana. Nikinyamaza, mwanangu anakua akiitwa mtoto wa jirani, kwa sayansi ambayo si sayansi.

Leo asubuhi mama mkwe alimwogesha mtoto yeye mwenyewe, akimwimbia polepole kwa Mashi, lugha ya kwao. Alipomaliza kumpaka mafuta akanipa, bila kunitazama. "Umeisha kufunga vitu vyake?"

Nishaurini, ninyi mlio mbali na nyumba hii. Nifungue kinywa, au nifunge mzigo?