Mpishi wa Matanga Anahama, Wazee Wataka Arobaini Zao Mapema

Jua limechomoza lakini halina joto. Bustani ya Safta Dogaru imeharibika usiku mmoja. Umande umeganda juu ya majani ya nyanya, na majani yenyewe yananing'inia kama matambara ya jikoni. Safta amechutama katikati ya matuta, mkono mmoja ameuficha chini ya aproni upate moto, mwingine unachuma. Nyanya nyekundu zilikwisha zamani. Anachuma zilizobaki, za kijani, ngumu, ambazo mwaka huu hazitaiva tena.

"Leo baridi imezigusa tu," anasema bila kuinua kichwa. "Kesho zitakuwa maji matupu."

Nyuma yake anafuata jirani yake, Veta Ciobotea, na ndoo. Veta anazigeuza moja moja. Yenye doa la kahawia anaitupa kando ya ua, maana moja iliyooza huambukiza ndoo nzima. Ngumu kabisa, ndogo kama jicho la mbuzi, anaziweka peke yake. Zilizoanza kupauka ndizo za kupikwa.

Safta ana miaka sabini na moja. Zaidi ya nusu ya umri huo amekuwa mpishi wa karamu katika kijiji cha Gura Secii, kusini mwa Romania, si mbali na mto Danubi. Arusi, ubatizo, matanga, arobaini, kumbukumbu ya mwaka: sufuria ni zake, mwiko ni wake. Mtu akikata roho, watu humwita yeye kwanza, padri baadaye.

Jumanne ijayo anaondoka. Binti yake Mirela, aliyeko Uhispania, amemkatia tiketi ya basi. Gura Secii haina mpishi mwingine.

Ndiyo sababu nyanya hizi zina haraka. Jumamosi, siku tatu kabla ya basi, Safta atapika karamu ambayo hajawahi kupika maishani: arobaini ya watu saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa.

Jambo lenyewe si geni huku. Mtu anayeogopa kwamba hatakumbukwa anaweza kujifanyia arobaini angali hai. Huwasha mshumaa wake, hugawa mkate na bakuli kwa jina lake, hulisha majirani, naye huona kwa macho yake kama chakula kimetosha. Watoto wa kijiji wako Italia, Ujerumani, Uhispania. Mzazi akifa huja wakazika, kesho yake wanarudi kazini. Arobaini huangukia siku ya kazi, na bosi wa huko hajui arobaini ni nini.

Lakini saba kwa mpigo hawajapata kuonekana.

Alianza Ilarie Prodan, jirani wa upande wa pili, mjane wa miaka themanini na mitatu. Alisikia dukani kwamba Safta anahama. Akaja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akakataa kuketi.

"Safta, nasikia unakwenda kula machungwa."

"Nakwenda kwa mwanangu, kaka Ilarie."

"Sasa mimi utanipikia lini?"

"Nikupikie nini?"

"Arobaini yangu."

Safta alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Akamwambia kwanza afe, ndipo waongee. Ilarie akajibu kwamba angependa sana kumridhisha, ila hawezi kuahidi kuwa tayari kabla ya Jumanne.

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akaacha kucheka, akasema wanawe wawili wako Turin, hawakuja hata kwa mama yao siku ya arobaini, na hao hawana ubaya, ni kazi. Safta ndiye aliyepika siku ile, na anakumbuka jinsi chakula kilivyobaki.

Alimkubalia. Kesho yake akaja Veta, akiona haya, akisema kama moto utakuwa umeshawashwa kwa ajili ya Ilarie, kuongeza sufuria moja si neno. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu akidai kaambiwa na mwenzake. Mmoja alikuja na maharage yake mgongoni, gunia zima, kama anakwenda kinuni.

Padri hakupendezwa. Alimwambia Safta kwamba mmoja au wawili ni ibada, lakini saba ni soko. Safta alimjibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hawezi kukatwa vipande saba, wala basi haliwezi kungoja Jumamosi saba. Walikubaliana kwamba meza itakuwa moja, ila kila mzee atakuwa na mshumaa wake na mkate wake, majina yasichanganyike.

Likabaki suala la chakula. Mfungo wa kabla ya Krismasi umeanza. Hapana nyama, hapana yai, hapana maziwa. Majumbani kuna maharage, kabichi na viazi. Na kuna nyanya za kijani, nyingi kuliko mwaka wowote. Mvua ya Juni iliozesha miche ya kwanza, watu wakapanda upya wakiwa wamechelewa. Lori la wanunuzi likaacha kuja Septemba. Baridi nayo ikakawia, basi mimea ikaendelea kuzaa tu.

"Mmea hauna kalenda," anasema Safta. "Unazaa ukidhani kiangazi hakiishi. Unauhurumia, lakini utaufanyia nini?"

Ijumaa asubuhi yuko katika jiko la uani, mbele ya beseni lililojaa. Anakata nyanya vipande vinene, anavinyunyizia chumvi ya mawe, anavitandaza kwenye ubao ulioinama. Maji yanaanza kutoka na kuchuruzika polepole hadi kwenye ndoo.

"Nyanya ya kijani ina hasira," anaeleza. "Ukiitia chunguni kama ilivyo, itakugombeza mdomoni. Iache ilie kwanza. Ikimaliza kulia, unaikamua, ndipo inakubali mafuta."

Vipande vingine atavipaka unga wa mahindi na kuvikaanga. Vilivyo vingi ni vya mchuzi: vitunguu kwenye mafuta, moto mdogo usiounguza, kitunguu saumu kwa wingi, jani moja kavu la kuongeza harufu, kisha nyanya, kisha kifuniko. Hakuna siki, maana uchachu umo humo humo. Rangi ikigeuka kutoka kijani cha jani kuwa ya zeituni, imeiva. Inaliwa na ugali na maharage yaliyopondwa.

Alifundishwa na mama mkwe, aliyekuwa akionja huku amefumba macho. "Mwaka wa kwanza nilidhani anasali," anasema. "Mwaka wa pili nikajua anatafuta chumvi."

Zamani zile msimu wa mavuno ulikuwa na arusi karibu kila Jumapili, na Safta alikuwa na wasaidizi wanne. Arusi ya mwisho aliyopika ina miaka minne sasa. Siku hizi ni matanga tu, na msaidizi ni Veta, ambaye magoti yake hayamtaki. Kwa karamu moja hulipwa lei mia tatu, fedha ya Romania, na taulo mpya, kama desturi. Pensheni yake ni lei elfu moja na mia tatu hivi. Kuni za baridi humeza pensheni ya karibu miezi miwili. Kwa karamu ya kesho amekataa malipo. Ameomba kila mtu alete mafuta yake.

Ilarie anakuja kuchungulia sufuria. Hataki za mchuzi. Anataka za kuchachuka za pipani, kama alizokuwa akitengeneza marehemu mkewe, zenye majani ya seleri na mzizi mkali.

Safta anamwambia zile za pipani zinataka wiki kadhaa, hata Mungu mwenyewe hawezi kuzichachua kufikia kesho. Hata hivyo amelijaza pipa, kwa sababu ndogo zile ngumu hazifai kwa kitu kingine, na yeye hatupi chakula. Liko stoo. Kila asubuhi mtu lazima apulize hewa kwa bomba la mpira hadi chini ya maji ya chumvi, yasilale yakaharibika.

"Nitapuliza mimi," anasema Ilarie.

"Na kikohozi hicho?" anauliza Veta. "Utaacha pumzi ya mwisho humo, halafu sisi tule?"

"Kuleni. Arobaini nitakuwa nimeshamaliza."

Safta hachangii utani huo. Baridi iliyopita aliteleza kwenye barafu karibu na kisima, nyonga ikagonga jiwe. Alilala pale tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alisikia watu wakipita barabarani wakizungumza habari za bei ya kuni, aliwajua wote kwa sauti, lakini yake haikuwafikia. Aliyemkuta ni Ilarie, aliyekuja kuazima shoka.

Mirela alipopata habari hakulia. Alisema baridi nyingine mama yake hataiona akiwa peke yake, na akaanza kuweka akiba ya tiketi. Huko Castellon, Uhispania, anamtunza bibi mmoja wa Kihispania asiyeweza kutoka kitandani. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza usiku.

"Mwanangu anamwogesha mama wa mtu mwingine," anasema Safta, "apate pesa ya kunitumia mimi, nami nimlipe mtu aniletee maji. Nimelizungusha jambo hili kichwani mwaka mzima. Nimeona yeye ndiye mwenye haki. Mimi sina hoja. Nina bustani tu."

Simu inalia. Ni Mirela. Mikono ya Safta imejaa unga, kwa hiyo Veta anamshikia simu sikioni. Binti anamgombeza mama yake kwa kujichosha wakati ana safari ya siku mbili kwenye kiti. Anamuuliza kama amepata soksi za kubana miguu. Kisha sauti yake inalainika. Anasema huko nyanya zipo mwaka mzima, nyekundu, hata Januari, mama asihuzunike.

"Na za kijani?" anauliza Safta.

Mirela anasema hajui. Atauliza sokoni.

Simu ikishakatwa, Safta anarudi kwenye kikaango kana kwamba hakuna lililosemwa. Jiko limejaa moshi wa mafuta na harufu ya kitunguu saumu. Anageuza vipande kwa uma, kimoja kimoja, na vilivyokauka anavipanga kwenye sinia alilolitandikia karatasi. Katika vyumba viwili vya nyumba yake fanicha zimeshafunikwa shuka. Kuku amewagawa. Kinachofanya kazi hapa sasa ni jiko hili tu, na Jumatatu nalo litaoshwa na kufungwa.

Mchana Veta anakwenda kanisani kuchukua mishumaa. Akirudi, anaipanga mezani juu ya kitambaa, kila mmoja na utepe wake. Safta anaitupia jicho akiwa anamimina mafuta. Anaacha kumimina.

"Hii minane."

"Minane," anakubali Veta.

"Wa nane wa nani?"

"Wako, dada. Tumechanga. Kesho nawe utakaa mezani, mimi na wengine tutapakua."

Safta anaweka chupa chini. Anajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine, muda mrefu kuliko unga uliopo unavyohitaji. Ilarie, aliyekuwa akichochea maharage, anaacha kuchochea.

"Hapana, Veta. Asanteni. Lakini hapana."

"Kwa nini? Huko nani atakuwashia? Mirela atakuwa zamu."

"Najua atakuwa zamu. Lakini sikiliza. Kesho nikila arobaini yangu, Jumanne ninapanda basi nikiwa nimemaliza kila kitu hapa. Sina cha kunirudisha tena, hata hasira. Niachie hicho kimoja ambacho sijapika."

Veta anauliza, kwa sauti ya chini, akirudi atapikiwa na nani, maana wao wote wakati huo huenda wamekwisha kwenda.

"Nitapika mwenyewe. Mwezi wa nne nataka niwe hapa nipande miche. Msimu ukiisha nichume za kijani, nipike, niwashe mshumaa, nile na mtakaokuwepo. Hata akiwepo mmoja. Baada ya hapo nife siku yoyote, sina neno."

"Tiketi ni ya kwenda na kurudi?"

"Ya kwenda tu. Mirela ndiye aliyeikata."

Veta anauchukua mshumaa wa nane, anauzungusha mkononi, hajui auweke wapi. Safta ameshageukia kikaango. Anachovya kipande kingine katika unga, anakitikisa, anakitia katika mafuta.

"Nauli ya kurudi nitaipikia," anasema. "Castellon imejaa watu wetu. Nao hufa kama sisi."