Majivu Mlangoni kwa Mama

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Lusangi, mtu mzima aliyesinzia mchana hakuitwa mvivu. Aliogopwa. Watu walisema kuna mchawi anayemlimisha usiku: anamtoa kitandani bila mwenyewe kujua, anamtia jembe mkononi, na alfajiri anamrudisha viungo vikiuma. Nami niliamini kwa moyo wote, kwa sababu aliyesinzia alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa kumtangulia jogoo. Kisha, msimu mmoja wa ile pamba ya lazima ya Wabelgiji, nikaanza kumkuta amelala na mchi mkononi, mpunga bado kinuni. Nikimwamsha ananitukana, yeye ambaye hakuwa na tusi kinywani. Mikono ikawa inamtetemeka. Akinywa maji, nusu yanaishia kifuani. Kichwa kilimuuma, na nikimsuka hataki niguse shingo. Tuliyaona yote hayo, ila kila moja peke yake, kama mtu anayeokota maharage njiani asijue yametoka gunia moja.

Macho ya watu yakamwendea jirani yetu, mjane aliyeitwa Mama Feza. Mpunga wake ulikuwa umestawi kuliko wa wote, na hakuwa na mume wala kijana wa kumsaidia. Basi nani anamlimia? Vijana wakaanza kusema waziwazi kwamba nyumba yake ya nyasi haina haja ya moto mwingi.

Bibi yangu, mama yake baba, aliwaambia wangoje. Si kwamba alimtetea Mama Feza. Kwake uchawi ulikuwepo kama mvua ilivyokuwepo. Lakini alitaka kuona. Jioni moja akachukua majivu ya jikoni, akayanyunyiza mlangoni na kuzunguka nyumba nzima, kama walivyofanya wazee wake.

"Mutu akitoka, miguu itasema," akamwambia baba.

Asubuhi miguu ilikuwa imesema. Nyayo za mama zilikuwa pale pale kwenye majivu, na mimi nikaanza kulia. Vijana waliokuja kutazama wakageukia kwa Mama Feza. Mmoja alikuwa keshachukua kijinga cha moto jikoni kwetu.

"Musimame!" bibi akafoka. "Munakimbilia wapi? Muangalie kwanza njia iko inaenda wapi."

Akainama na kuzifuata zile nyayo, kikwembe amekikaza kiunoni. Hazikwenda shambani kwa mtu. Zilizunguka nyumba, zikazunguka tena, na tena. Mguu mmoja ulikuwa umeburuzwa na kuacha mstari.

"Mwenye kulimishwa anaenda ku shamba," bibi akamwambia baba polepole. "Huyu hakuenda fasi yoyote. Kaka yangu alizunguka vile mbele ya kufa. Hii si jembe, mwanangu. Hii ni malali."

Malali ndilo jina tulilouita ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o wa mtoni. Jina lenyewe ndilo lililotupoteza. Tulidhani mgonjwa wa malali hulala tu, usiku na mchana, mpaka azikwe. Mama alikuwa anaamka, anatukana, anatembea, nani angemdhania?

Baba alimpeleka zahanati ya Kabambare. Mwuguzi akampapasa shingo kwa nyuma, akakuta vinundu, alama ya malali.

"Hapa ni mwisho wangu," akasema. "Inafaa munganga wa malali kule Kasongo aangalie maji ya mugongo, ajue kama ugonjwa umefika ku kichwa. Musikawie."

Baba aliingiwa na hofu, akarudi naye nyumbani. Sindano ya mgongo ilikuwa na sifa mbaya; ilisemekana inanyonya nguvu za mtu.

"Mama, wakimuchoma ile sindano, atarudi nusu mutu," akamwambia bibi.

"Na sasa, uko naye muzima?"

Kesho yake mama alibebwa kwenye kitanda cha machela kwenda Kasongo, na chakula cha njiani kilitoka kwa Mama Feza: mchele wa mpunga ule ule uliotaka kumponza. Aliutoa bila kununa. Mimi nisingeweza.

Mvua zilikwisha, mama hajarudi. Tulisikia kwamba dawa inamwunguza mishipani kama pilipili, na kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kweli kupanda kichwani. Halafu siku moja, saa za kuanika muhogo, akatokea njiani kwa miguu yake mwenyewe, mwembamba, anacheka. Jioni bibi alimwaga tena majivu. Asubuhi yalikuwa laini kama alivyoyaacha, nami furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena.

Nimezeeka sasa, na sijaweza kuwacheka wale wazee. Imani yao nusura imwunguze mjane, na desturi yao ikamfikisha mama kwa daktari. Ila nikisikia mtu kabadilika tabia, mkono unatetemeka, mguu unaburuzwa, simwambii apumzike. Nauliza usiku analala vipi, kisha namhimiza atafutiwe anayejua mambo ya kichwa, kabla majirani hawajamtafutia mchawi.

Lakini zaidi naikumbuka Jumapili moja baada ya mama kurudi. Alikula, akajinyoosha barazani, akafumba macho. Tulimrukia sote. Baba alimshika bega, mimi nikamtikisa miguu, bibi akaja mbio na kata ya maji. Mama akafungua jicho moja.

"Muniache," akasema. "Hii ni usingizi yangu mwenyewe."