Rolande Akataa Moka Afe Njaa Mbele ya Bakuli Lililojaa

Saa moja asubuhi, Rolande Nabintu anapiga magoti mbele ya kizimba, anachungulia, kisha anasonya. Bakuli limejaa kama alivyoliacha jana. Moka, kicheche mzee wa kufugwa, amejikunja pembeni na hata kichwa hainui.

“Siku ya tatu hii,” anamwambia mwandishi. “Anakufa na njaa mbele ya sahani yenye kujaa. Munaona?”

Rolande, miaka arobaini na mmoja, alikuja Brussels kama mkimbizi kutoka Bukavu. Sasa anafanya kazi katika mtaa wa Schaerbeek, kwenye nyumba inayolaza wanyama wa watu waliosafiri. Mbwa wana ua wao. Vicheche, wanyama warefu wembamba ambao Wabelgiji wanawaita furets, wanakaa chumba cha nyuma.

Mwezi huu mwenye nyumba, Madame Godelieve, aliacha kununua chakula kikavu cha watoto wa paka, ambacho vicheche walikuwa wakila. Akaleta gunia moja la chakula cha mbwa, wanyama wote wale hicho. Ugomvi ulianzia hapo.

Rolande anamwaga punje za aina zote mbili kiganjani. Za mbwa ni kubwa, ngumu, mahindi matupu. Za paka ni ndogo, zinanuka nyama na kuacha mafuta mkononi.

“Bon, furet ni munyama ya kula nyama. Mahindi inapita tu mu tumbo, inatoka vile iliingia. Na huyu muzee haiko na meno! Nilimuambia Madame. Alijibu nini? Asema, njaa ikimushika atakula.”

Hapo sauti inapanda. Katika kambi ya wakimbizi, mama yake, kibogoyo, alipewa mahindi makavu. Mgawaji wa chakula alimwambia maneno hayohayo. Mama hakumaliza mwezi, akafa.

“Donc mutu asiniambie tena ile maneno. Hata juu ya panya!”

Anapoulizwa kama hasira hii ni ya Moka au ya mama, anamkata mwandishi jicho.

“Ni ya bote. Unataka niigawanye?”

Anatoa mkobani pakiti ya chakula cha paka aliyoinunua mwenyewe. Analowesha punje chache kwa maji ya uvuguvugu, anaziponda kwa uma, anapaka kidoleni. Moka ananusa. Kisha anaramba, polepole, na Rolande anaachia pumzi.

Madame Godelieve anaingia wakati huohuo. Alishakataza, anasema kwa Kifaransa. Rolande akiendelea, kesho asirudi.

Rolande hainuki. “Anakula, Madame. Ngojeni amalize.”

Madame anatoka na kubamiza mlango. Wenye Moka wanarudi Ijumaa, na Rolande ameshaamua.

“Kesho nitakuja na hii chakula. Akinifungia mulango, Ijumaa nitangojea bale benye Moka inje, pale mu barabara. Nitabaambia yote, hata kama bangali na masanduku mu mikono. Mama yangu, hakuna mutu alimusemea. Huyu, mi niko.”