Erthi Haichimbwi Alhamisi

Jina lake la nyumbani lilikuwa Kwadwo Asubonteng, lakini katika mji wetu mdogo nyuma ya Bekwai, ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Masta Erthi. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole nyumba yenye bati la kijani, ambako nyaya zimeviringwa na kutundikwa ukutani.

Nilipanga chumba kwake kwa miaka mingi. Nimewahi kukaa karibu na mafundi umeme wa miji mingi, na wengi ukiwaita wanaanza na bei. Yeye alianza na swali: "Erthi iko wapi?" Hata kama umemwita abadilishe balbu, atazunguka kwanza nyuma ya nyumba, ainame, aitafute ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini pamoja na waya wake wa kijani wenye mstari wa njano. Asipoiona, anafunga mkoba.

"Masta, sasa balbu nayo inataka erthi?" watu walimtania.

"Balbu haitaki. Wewe ndiye unayeitaka."

Nyumba nyingi pale zina nyaya za zamani, nyekundu ikiwa laini na nyeusi ikiwa nyutro, halafu zimeungwa na nyaya za siku hizi za kahawia na buluu. Fundi anayeamini rangi bila kupima na testa hazeeki. Asubonteng hakuwachosha wateja kwa hayo. Alikuwa na maelezo yake mafupi, aliyoyarudia jikoni na madukani mpaka akina mama wakayajua kama wimbo wa kanisani.

"Laini inaleta moto. Nyutro inaurudisha. Erthi haifanyi kitu, inangoja tu. Siku moto ukipotea njia ukapanda kwenye bati la friji, erthi inaudaka na kuupeleka chini, breka inaruka, na wewe unaendelea kupika."

"Na kama haipo?"

"Basi unaupeleka chini wewe."

Jambo jingine alilojulikana nalo ni fyuzi. Kila nyumba ambayo kazi yake haijaisha, aliing'oa fyuzi ya meni swichi akaondoka nayo mfukoni, ili mtu asije akawasha kabla ya wakati. Alipopita njiani ziligongana mfukoni kama karanga kavu. Tabia hiyo hakuanza nayo. Ilimjia baada ya yaliyompata mkewe, Pokuaa.

Pale kwetu Alhamisi ni siku ya ardhi. Jembe halitoki, msingi hauchimbwi, nguzo hazisimamishwi. Kumasi wanaweza kufanya wapendavyo, lakini kwenye mji wenye nyumba za ukoo, Alhamisi ardhi inapumzika, na anayeichokoza anailipa. Fimbo ya erthi nayo inaingia ardhini. Kwa hiyo mafundi wa pale, wakikuta Alhamisi, hufanya kazi yote ya juu na fimbo huiacha mpaka Ijumaa.

Pokuaa aliuza samaki wa barafu na maji baridi mbele ya nyumba. Alinunua friza iliyotumika, kubwa, yenye kutu kidogo kwenye bawaba. Asubonteng alimvutia laini yake mpya, na Alhamisi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari, waya, soketi, breka, isipokuwa fimbo.

"Kesho alfajiri naipigilia," alimwambia. "Leo friza usiiguse."

"Nimesikia, Masta," Pokuaa akajibu, akimpigia saluti na kijiko cha uji.

Akaenda kwenye kazi nyingine Bekwai. Gari la samaki, lililotarajiwa Ijumaa, likafika mchana ule. Jua lilikuwa kali na samaki hawangoji. Pokuaa alikuwa amemwona mumewe akipandisha swichi ile mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, akaipandisha mwenyewe. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya samaki. Hakuwa na viatu. Jirani aliyefika wa kwanza alimkuta chini, kifuniko cha friza kikiwa wazi.

Sheria ya kazi inasema usitoe umeme pasipo erthi, naye Asubonteng hakutoa. Mila inasema usichimbe Alhamisi, naye hakuchimba. Hakuvunja hata moja. Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi ya siku moja tu, na mke wake alipita hapo.

Mke ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo ulikuja kuuchukua mwili. Dufie, mdogo wake Pokuaa, alisimama mlangoni mbele ya watu wote. "Unafunga mkoba kwa balbu za watu," alisema, "halafu dada yangu ndiye unamwachia friza isiyo na erthi?" Baada ya hapo hakumsemesha tena. Wakikutana sokoni, Dufie alihama upande wa barabara.

Aliyebaki naye ni mama mkwe, Eno Birago. Kila Alhamisi, siku ambayo Asubonteng hakushika tena kazi yoyote, aliketi barazani mikono magotini, na mchana bakuli lilifika kutoka nyumba ya ukoo: viazi vikuu vya kuchemsha na mchuzi wa kontomire, yale majani ya magimbi. Miguu ilipokuwa bado inamruhusu, Eno alileta mwenyewe.

"Mkwe wangu, kula. Ardhi imepumzika, na wewe pumzika."

Alikula yote kila mara, maana aliyelileta alingoja kulirudisha bakuli.

Eno Birago alipofariki, ukoo ulipata ujumbe wake: taa za msiba wangu aziwashe Kwadwo. Nana Kyeretwie, mkuu wa ukoo, hakupenda, lakini neno la marehemu halipingwi. Asubonteng akafanya kazi tangu Jumatatu. Alivuta laini ya maturubai, ya spika, ya chumba ambamo mwili ungelazwa, na soketi za friza za kuazima zilizopangwa uani kwa ajili ya nyama na samaki wa wageni. Jumatano jioni akapima, fimbo ya nyumba ikiwa mahali pake, imara.

Alhamisi asubuhi alipita kutazama tu. Nilikuwa nimefuatana naye, nikibeba viti vya kuazima. Alizunguka nyuma ya nyumba, akainama, akabaki ameinama. Usiku ule wafanyakazi waliosawazisha uwanja kwa saruji walikuwa wamekata waya wa kijani na kuing'oa fimbo. Shaba ina wateja.

Akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi akang'oa fyuzi. Muziki uani ukakatika.

"Masta! Nani kakukosea?" mpishi mmoja akapiga kelele. Wanawake walikuwa wameanza kuosha uwanja, maji yamejaa kila mahali, friza zimejaa nyama tangu alfajiri.

Nana Kyeretwie akatoka na kitambaa chake cheusi begani. "Kuna nini?"

"Erthi imeng'olewa, Nana."

"Utapiga nyingine kesho. Leo rudisha moto."

"Siwezi kurudisha."

"Kwa hiyo nyama ya msiba wa dada yangu ioze kwa sababu ya kipande cha shaba?"

"Tutavaa ndala, Masta!" yule mpishi akasema. "Hata kambare tutamvisha!" Wakacheka, na kicheko kikafa haraka, maana kila mtu pale alijua anayesemeshwa ni nani.

Nana akasogea karibu, akashusha sauti. "Kwadwo, sitaki kugombana nawe kwenye msiba huu. Nenda nyumbani ukakae. Pale kona yuko fundi Kusi. Atatia kipande cha waya mahali pa fyuzi yako kabla sijafungua soda yake. Wewe hutakuwa umewasha, wala hutakuwa umechimba. Hakuna atakayekulaumu."

Asubonteng aliangalia uani. Dufie alikuwa ameegemea friza ya mwisho, ndoo mkononi, miguu mitupu ndani ya maji.

Asubonteng alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua kamba, akarudi na fimbo mpya na nyundo.

"Kwadwo," Nana akasema kwa sauti ambayo sasa wote waliisikia. "Leo ni Alhamisi."

"Naijua siku, Nana."

"Ukipiga hiyo nyundo ni kondoo na chupa ya pombe kali. Na utakuwa umeichokoza ardhi ileile tunayotaka impokee mama mkwe wako."

"Kondoo nitamleta."

Akaisimamisha fimbo nyuma ya nyumba, akapiga. Wanawake wakaweka mikono vichwani. Wazee wawili waliinuka wakatoka nje, hawakutaka kuona. Ulikuwa msimu wa harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, ardhi imekauka kama chungu, na fimbo ilipofika katikati ikagoma, kila pigo likiirudisha nyundo juu. Jasho lilimtiririka. Hakuna aliyesogea kumsaidia, na mimi pia, mgeni wa ardhi ile, sikusogea.

Kisha Dufie akaja na ndoo. Akamwaga taratibu, maji yakanywewa pembeni ya shaba.

"Nimetia chumvi," alisema.

Hayo ndiyo Asubonteng aliyowaambia wateja wake wote miaka yote: kiangazi mnyweshe erthi maji ya chumvi, isipate kiu. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga mpaka kikabaki kichwa tu cha fimbo. Akafunga klampu, akaunga waya wa kijani, akarudisha fyuzi, akapandisha swichi. Muziki ukaanza katikati ya neno.

Alipima friza zote, moja baada ya nyingine, kila bati, kila mpini. Hakuna iliyovujisha umeme. Zilikuwa nzima zote.

"Umeona?" Nana akasema, na hakusema kwa ubaya. "Kusi angewasha tu, na tungefika Ijumaa salama."

"Ndiyo, Nana."

Ijumaa alfajiri alileta kondoo. Alikuwa mdogo, mweupe, bado ana kamba ya katani mguuni. Nana Kyeretwie alimimina pombe kidogo kidogo pembeni ya fimbo, akaiomba ardhi isikasirike, akaieleza kwamba aliyefanya ni mkwe, na kwamba alikuwa na hofu. Kondoo akachinjwa, damu ikamwagwa palepale kwenye udongo uliolowa tangu jana. Uji wa wapishi ulikuwa haujachemka, na jambo limekwisha. Watu wakarudi kwenye kazi zao. Hata wale wazee wawili walimpa mkono.

Asubonteng hakuondoka. "Nana," alisema, "ile siku ya Pokuaa. Kama ningechimba."

Nana alikuwa anafunga kizibo cha chupa. Akaacha.

"Ingekuwa nini?" Asubonteng akauliza.

"Kwadwo, acha."

"Nauliza tu. Ingekuwa nini?"

Mzee akamaliza kufunga kizibo. "Kondoo," alisema. "Kondoo mmoja, na chupa."

"Kama huyu?"

"Kama huyu."

Asubonteng akaitikia kwa kichwa, kama mteja aliyeambiwa bei. Akaenda kuketi chini ya ukuta wa jiko, mikono magotini, kama alivyoketi siku zake zote za Alhamisi, ingawa leo ilikuwa Ijumaa na kazi ilikuwa imejaa. Baadaye Dufie alimletea bakuli la viazi vikuu na kontomire, akaliweka karibu na mguu wake, akasimama kidogo.

"Shemeji, kula."

Hakula. Gari lililoleta mwili wa Eno Birago liliingia uani, vilio vikapanda, taa zote za msiba zikawaka. Bakuli lilipoa pale pale, na nyuma ya ukuta friza zilinguruma kwa pamoja, vizuri, bila hitilafu yoyote.