Utepe Mwekundu wa Haboba

Harufu ya ukindu unaochemka katika rangi nyekundu ikinifikia sokoni Arua, mimi huacha bei njiani. Mteja anangoja, nami niko Koboko, kwenye ukingo wa mto, nyuma ya bibi yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita Haboba.

Haboba alisuka mikeka na tabaga, vile vifuniko vya chakula. Shule mimi niliiacha darasa la tatu. Nyumba yangu ya bati kule Awindiri imetoka katika ukindu alionifundisha kusuka. Semeni mtakavyo.

Kila mkindu tuliokwisha kuukata makuti aliufunga utepe mwekundu. "Huu unapumzika," aliniambia, na hapo hatukugusa tena mpaka mvua nyingine.

Miaka ile sukari ilipotea madukani. Kwa hiyo mjomba Rajabu, mwanawe, alipoleta sukari imefungwa katika gazeti, mimi niliruka kwa furaha. Haboba aliinusa kama samaki wa jana.

"Hii sukari iko na kazi gani?"

"Mama, iko ya chai tu."

"Chai yangu inajua kukaa bila sukari. Sema unataka nini."

Alitaka ukingo, apande tumbaku. Tumbaku ina njaa mbili: inataka udongo mweusi wa mtoni, tena inataka kuni za kuikausha. Kila sukari ilipokuja, kipande cha msitu kiliondoka: mikuyu, mikwaju, ule mti wenye maganda machungu ya kutibu tumbo, na mingine niliyokuwa bado sijaambiwa majina. Mjomba aliiita miti ya bure. Nikaanza kuiogopa ile sukari, ingawa niliilamba.

Kikabaki kipande kimoja, chenye mikindu yetu. Asubuhi wakataji walifika, wakasimama. Kila mti ulikuwa na utepe mwekundu, mikindu na isiyo mikindu.

"Bwana, hapa mimi hapana kata," mmoja wao akamwambia mjomba. "Mutu akigusa hii, mukono yake inakauka."

Mjomba akamgeukia mama yake. "Mama, hii iko dawa?"

Haboba akatazama maji. "Kata, uone."

Hakuna aliyekata. Lakini Idd ile sinia tulilopeleka kwa jirani lilirudi na tabaga lake juu, chakula hakijaguswa. Watu walivuta watoto wao nilipopita. Na mimi, mjukuu wake, nilimtilia shaka kuliko wote, kwa kuwa kazi niliijua: mkuyu hausukwi mkeka. Basi utepe wa mkuyu ulikuwa wa nini? Nikawa nangoja aonje yeye kwanza, ndipo nile. Aliona. Alionja, akanisogezea sahani.

Nilikuwa mtu mzima nilipofika tena pale. Upande wa mjomba mto ulikuwa umeula ukingo, tumbaku haipo, udongo hauko. Upande wa Haboba mkuyu ulikuwa umejaa ndege, na chini yake maji yalitulia, safi. Ndipo nikajua. Alikuwa anaupumzisha mto.

Neno moja tu, "unapumzika", lingetosha kumrudishia sinia lake la Idd likiwa tupu. Hakulisema, kwa sababu wangelisikia, wangecheka, wangechukua panga.