Punje ya Maharage kwa Kila Kosa

Enzi zetu pale Mulongwe, mjini Uvira, mtihani wa serikali haukuwa wa mtoto mmoja. Nyumba nzima iliufanya. Mama alibadilisha saa ya kupika, wadogo walikatazwa kuimba, na jirani mwenye redio alijua kabisa kwamba siku ya matokeo uwanja wake utajaa watu ambao hakuwaalika. Kijana wa leo anajipima maarifa ya jumla kwenye simu, amelala chali, muziki masikioni. Akikosea, simu inamwonyesha alama nyekundu na mambo yanaishia hapo. Sisi tukikosea, jirani wa tatu alisikia na kesho yake alituuliza habari zake kisimani.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule niliokuwa finalisti, darasa la mwisho la sekondari, upande wa ualimu. Nyumbani kwetu watahiniwa wa Exetat, ndio huo mtihani wa serikali, tulikuwa wawili: mimi, Nabintu, na papa.

Papa alikuwa mwalimu wa darasa la tano tangu kabla sijazaliwa. Alianza kufundisha Mutarule, kule bondeni, kisha akahamishiwa mjini. Diploma ya serikali hakuwa nayo. Alipokuwa kijana alijaribu akaanguka, akajaribu tena akaanguka, halafu tukazaliwa sisi na mambo ya mitihani yakawekwa kando. Mwaka huo mkaguzi alipita shuleni kwake akatangaza kwamba mwalimu asiye na diploma hataanza mwaka mpya na darasa. Papa akarudi nyumbani, akanawa, akala. Asubuhi alikwenda kujiandikisha kuwa otodidakte, maana yake mtu mzima aliyejisomea nyumbani anayekuja kukaa kwenye mtihani pamoja na watoto.

Mama ndiye aliyetueleza, jikoni, huku akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Papa yenu akianguka, ile darasa inaenda. Na yeye bila darasa, minye siwezi kumujua tena. Musimuchokoze."

Tangu siku hiyo niliogopa. Mtihani wangu mwenyewe niliuogopa kidogo, kama kila mtoto. Wa papa ulinikosesha hamu ya chakula.

Tulisoma barazani jioni. Wenyeji wa Uvira wanajua kwamba kwetu jua huondoka mapema, linajificha nyuma ya milima, nyumba zinaingia kivulini wakati ziwa bado linang'aa na ng'ambo ya Bujumbura bado ni mchana. Saa hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Papa aliniuliza miji mikuu, mito, tarehe za nchi, maneno magumu ya Kifaransa. Mimi nami nilimuuliza yeye, nikishika karatasi za maswali ya miaka iliyopita, kila swali na majibu yake ya kuchagua.

Hapo ndipo tulipokwama siku ya kwanza kabisa. Papa alijibu, jibu halikuwa sawa, nami nikanyamaza. Ningemwambiaje? Mtoto wa kwetu hamwambii papa yake kwamba amekosea, hata kama papa mwenyewe ndiye aliyemweka pale amuulize. Nikasoma swali lililofuata. Akajibu, akakosea tena, nikasoma lingine.

"Nimepata?" akauliza.

"Tuendelee tu, papa."

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Alisikia ule ukimya wangu akauelewa. Alikuja akauweka ungo katikati yetu.

"Weye Nabintu, papa akikosea usiseme kitu. Kamata haragi moja, weka mbele yake. Haragi haiko na adabu mbaya."

Papa alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mkaguzi apite. Basi ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Kosa moja, punje moja, kwa papa, kwangu, hata kwa wadogo. Maana papa aliweka pia zamu ya Kifaransa: tangu sufuria inapopanda motoni mpaka inaposhuka, anayefungua mdomo kwa Kiswahili anapata punje yake. Mama peke yake aliachiliwa, akatumia uhuru huo kutucheka. Mdogo wangu Sifa hakujua chumvi inaitwaje kwa Kifaransa, akala sombe isiyokolea, macho yamejaa machozi, bila kusema neno. Na jioni tuliyokosea sana, mama alikusanya punje zote akazitupa kwenye sufuria.

"Leo mumeanguka muzuri. Tutashiba!"

Tulicheka, ndiyo. Lakini kila jioni nililitazama lile rundo mbele ya papa kabla ya kujitazama mimi. Lilipopungua nililala vizuri. Lilipoongezeka nilimsikia mama akivuta pumzi pale mlangoni.

Liliendelea kupungua, nikaanza kuamini. Ndipo tulipofika kwenye swali la ziwa. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani ni lipi?

"Tanganyika," papa alijibu upesi, hata majibu ya kuchagua hakuyangoja.

Karatasi ilisema Baikal, huko Urusi. Letu lilikuwa la pili. Mkono wangu ulikaa hewani. Darasa la tano lote la Mulongwe, mimi nikiwamo, tulifundishwa na papa kwamba ziwa letu ni la kwanza, na tulilitangaza hivyo kwa kila mgeni aliyeshuka kutoka milimani na ng'ombe wake. Nikaweka punje.

Papa aliitazama. Akanyanyuka.

"Minye nilizaliwa hapa! Babu yangu alikufa mu hii maji, hawakumuona mpaka leo. Mutu wa Urusi atanielezea nini?"

"Ni karatasi, papa. Si mimi."

"Ondosha hiyo haragi."

Sikuiondoa. Mpaka leo sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Niliogopa kumwudhi, lakini niliogopa zaidi asimame mwaka mpya nje ya geti la shule akiwatazama watoto wakiingia. Nikainamisha kichwa nikaiacha pale. Papa akatoka akaenda kusimama ufukweni hadi chakula kikapoa. Jioni zilizofuata swali hilo hatukuligusa, nami nikajipa moyo kwamba ameelewa.

Siku ya mtihani wa maarifa ya jumla papa alivaa shati lake jeupe, akapiga mikunjo ya suruali kwa pasi ya makaa. Kituo chake kilikuwa Rugenge, changu kwingine. Aliketi kati ya vijana aliowafundisha kuhesabu, na baadaye niliambiwa wengine walisimama kumwamkia, msimamizi akawaamuru wakae. Kwangu mimi, karatasi zilipofunguliwa, niliona lile swali la ziwa limo, likinisubiri. Nililijibu kisha nikakaa nikimfikiria papa badala ya kujibu yanayofuata, mpaka msimamizi akanigongea dawati.

Jioni papa alikuwa ametangulia kufika. Nilitaka kumwuliza, sikuweza. Mama naye hakuuliza. Ungo wa maharage ulikuwa mahali pake. Papa akanyoosha mkono, akachukua punje moja, akaiweka mbele yake mwenyewe.

"Nilijua," alisema. "Minye nilijua jibu. Lakini pale njo naliona ile jina ya ziwa yetu, mukono ikakataa kuandika ingine."

Mama akaingia ndani. Mimi nikabaki naye, na nilihisi uchungu na hasira pamoja, hasira ya kumpenda mtu ambaye hajui kujiokoa. Swali moja haliangushi mtu, nilijiambia. Lakini sikujua mengine yalikwendaje.

Siku hizo matokeo ya shule yalisomwa redioni, na ya otodidakte yalibandikwa baadaye ukutani. Na wote mnakumbuka poda. Aliyepata diploma hamwagiwi maji wala hapewi mkono tu. Anamwagiwa poda nyeupe kichwani, usoni, mabegani, na anatembezwa mtaani hivyo kwa nyimbo. Mtu hakuulizwa matokeo. Ulitazama kichwa chake.

Jina langu lilisomwa. Uwanja wa jirani ulilipuka, mama akapiga vigelegele, akakimbia kuleta kopo la poda alilokuwa ameficha kabatini. Nikalishika lile kopo kabla hajalifungua.

"Tungoje ya papa," nilisema. "Tutapakana pamoja."

Mama alinitazama, akaliweka mezani, na pale likakaa. Wenye redio walijua, lakini barabara haikujua. Mabinti wenzangu walipita weupe kama waliotoka kwenye kinu, wakiimba, nami nikichota maji na kichwa cheusi. Wanawake wakaanza kuja kwa mama kwa sauti za msibani. Mama Riziki, aliyekaa nyumba ya nyuma, alileta hata sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani.

"Pole, Mama Nabintu. Atarudilia mwaka kesho."

Mama alipokea sahani, akashukuru, akauma midomo. Ilimuuma kuliko njaa kuona binti yake akihesabiwa miongoni mwa walioanguka. Lakini hakulifungua kopo. Papa ndiye aliyechoka kuvumilia.

"Weye mutoto, mbona kichwa yako iko nyeusi? Unanifanyia nini?"

"Nakungojea, papa."

Akageuka akalitazama kopo mezani. Nadhani hapo ndipo alipoogopa kweli.

Siku ya kubandikwa matokeo alikwenda peke yake, akatukataza kumfuata. Nilikaa barazani nikitazama barabara. Walioshinda walimwagiwa palepale ukutani, hivyo ungewatambua wakiwa mbali bado. Kikatokea kichwa cheupe. Kingine. Mzee mmoja akapita akicheza, poda hadi kwenye ndevu, nikamfurahia na kumwonea wivu. Mama alisimama nyuma yangu ameshika mlango.

Papa alitokea akitembea taratibu, karibu na ukuta. Kichwa chake kilikuwa cheusi.

Alipita mbele yetu, akaingia ndani, akatoka na kopo. Akanikalisha pale tulipozoea kusomea. Alinimwagia poda yote, akaipaka kwenye nywele zangu, kwenye mashavu, shingoni, na mimi nililia, poda ikawa matope. Kisha akajipangusa jasho, na weupe ukabaki kwenye nywele zake. Wapita njia wakaona.

"Mwalimu! Mwalimu amepata! Pongezi!"

Papa aligeuka, akasimama wima kama anavyosimama mbele ya ubao.

"Hapana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Minye nimeanguka. Ni mutoto njo amepata. Mumuimbie."

Wakaniimbia. Yeye alipiga makofi kuliko wote.

Mwaka mpya ulipoanza, shule ilimhitaji mwalimu wa darasa la tano mwenye diploma, nikapewa mimi. Asubuhi ya kwanza papa alinisindikiza hadi getini, akanipa kitambaa chake cha kufutia ubao, akageuka kurudi nyumbani. Nilimtazama mgongo wake hadi kengele ikalia. Jioni nilimkuta barazani na ungo wa maharage, akaniambia nimfundishe somo la kesho kwanza yeye, na nilipokosea aliweka punje. Hivyo ndivyo darasa lile lilivyobaki lake kwa miaka mingi.

Leo mambo yamebadilika. Matokeo yanaingia kwenye simu, kila mtu na yake, hata kabla hujanawa uso. Ya mwanangu Byamungu yaliingia hivi karibuni akiwa kitandani. Alikuja kutuambia pale barazani, mimi na papa, ambaye sasa anaona kwa shida na anatembea kwa fimbo.

"Koko, nimepata."

"Poda iko wapi?" babu yake akauliza.

"Ah, koko, itaharibu nywele. Nimekwisha kutuma picha, batu bote banajua."

Mtaa ulikuwa kimya. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepita kutazama kichwa cha mtu. Nilikumbuka uwanja wa jirani na ile redio, nikaona jinsi furaha ya mtoto wangu ilivyokuwa ndogo, na yeye hajui. Papa akasogeza kiti.

"Basi nijibu. Ziwa gani ina kina murefu kupita yote mu dunia?"

"Baikal, koko," Byamungu akajibu, macho kwenye simu. "Iko Urusi."

Papa akapapasa ungo uliokuwa kando yangu, akachukua punje moja, akaiweka mbele ya mjukuu wake. Byamungu akanigeukia mimi, mwalimu wa darasa la tano, nimtetee. Darasani nafundisha Baikal, kama inavyotakiwa. Pale barazani niliinamisha kichwa, nikaiacha punje ikae.