Fundi Télesphore na Mashini ya Kutabiri Wezi

Hapa mutaani Mapendo hakuna fundi wa milango kama Télesphore, jirani yangu. Mimi nilimuona akiikoholea kufuli, nayo ikafunguka yenyewe kwa haya. Anayebisha, akaiulize ile kufuli.

Sasa huu ni mwezi wa pili hatoki. Papa Kamate, shefu wa avenyu yetu, alimukataza kutoka kwake, asivuke geti la parseli. Sababu ni mashini. Watu wa muradi walileta ordinatere, kompyuta ya kutabiri wizi. Ukiibiwa, unapiga namba ya bure, wanakuuliza nani alifika kwako siku hiyo, halafu mashini inatafuta kitu gani kinatangulia wizi. Ikatafuta, ikapata: Télesphore anapita asubuhi, wizi unatangazwa muchana.

“Koko, mashini haina chuki na mutu,” Élodie, binti wa muradi, akaniambia mimi bibi kizee.

“Haina chuki, lakini haina na mulango!”

Maana huku kwetu, mwizi akikuvunjia, unafunga kinywa kwanza. Ukipiga kelele mulango ungali wazi, umemualika wa pili. Unaita fundi, anapigilia misumari, halafu ndiyo unalia na kupiga simu.

Élodie akafikiri. “Basi nipatie watu ishirini waliotangaza kwanza, mbele ya kuita fundi. Mashini itajifunza upya.”

Nikazunguka avenyu yote, nyumba kwa nyumba. Mama Kasoki akajishika kiuno: “Nitangaze kwangu kuko wazi? Wewe koko, ulinikuta na kosa gani?”

Na Télesphore kukaa ndani kunamuharibia zaidi. Bila fundi milango haitengenezwi, na mulango usipotengenezwa, hakuna anayepiga simu. Papa Kamate anatembea kifua mbele: “Munaona? Tumemufunga, wizi umeisha!”

Juzi wezi wakavunja kwangu. Wakabeba sufuria, hata ile yenye maharage juu ya moto, moto nao wakaenda nao. Nikapiga simu mulango ungali unaning'inia. Wizi bila Télesphore! Élodie akaandika, akanishukuru sana.

“Imebaki kumi na tisa, koko.”

Tangu hapo siendi soko wala misa. Ninaketi kwenye kizingiti na mwiko wa ugali mukononi, ninalinda tundu la mulango. Télesphore ananielekeza kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe:

“Koko, piga musumari hapo chini, polepole.”

“Kuja upige wewe!”

Ninasikia nyundo yake ikigonga jiwe kidogo kidogo, bure tu.